Wifi wa Juu, Wifi wa Chini

Dobi hakuweza kuloweka nguo ya mtu kabla hajaigeuza nje ndani, akaiinua kwenye mwanga, kisha akainusa. Mwenyewe alisema ndiyo kazi ilivyo: doa la mafuta halitolewi kama doa la damu, na damu haitolewi kama kutu. Majirani walijua hiyo ni nusu tu ya ukweli. Dobi alipenda kujua mambo. Kola ya shati ilimwambia nani hakulala kwake, na mfuko wa suruali ulimwambia nani amerudia sigara aliyoapa kuiacha. Mumewe, fundi redio aliyeshinda barazani na bisibisi nyuma ya sikio, alizoea kumtania.

"Mama watoto, wewe kazi yako ilikuwa uaskari kanzu. Hapa kwenye sabuni umepotea njia."

Dobi hakucheka. Kwake yeye, mtu anayekuchekea bila sababu ana lake jambo, hata kama ni mume.

Nyumba yao iliegemea kijito. Uani palikuwa na mabirika mawili ya saruji, kamba za kuanikia zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na pampu ya mkono iliyopandisha maji kutoka kijitoni. Maji ya sabuni aliyamwaga kwenye shimo la mchanga upande wa pili wa nyumba, kwa sababu kijito kile kilikwenda kumwagika kwenye bwawa ambalo mji mzima ulikunywa maji yake, na Dobi hakutaka kuwa mtu wa kwanza kunyooshewa kidole.

Juu kidogo, kijito kilipopiga kona, lilikuwepo shamba la marehemu baba yake. Kaka yake ndiye aliyelishika. Kaka naye alipofariki, akabaki wifi yake na watoto wawili. Na hapo ndipo penye mfupa. Siku ya msiba, watu wakiwa bado wamekaa chini, Dobi alitamka kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Shamba hili ni la baba yetu, jamani, watu wasije wakasahau." Hakuwa na nia mbaya, au ndivyo alivyojiambia baadaye. Tangu siku hiyo wifi yake alimwamkia kwa heshima zote, na kwa heshima hizo hizo akampa kisogo.

Kisha yakaja mafuriko. Kijito ambacho watoto walikuwa wakikiruka kwa mguu mmoja kilinguruma kama lori lililobeba mawe. Kilifika hadi kwenye mabirika ya Dobi, kikazoa ndoo na beseni, kikaondoka. Kule juu hakikuwa na huruma hata hiyo. Kiliuchimba ukingo wa kona kwa chini, ukingo ukakosa miguu, ukaanguka na jiko la wifi, choo chake na nusu ya migomba. Maji yalipopungua, kona ilibaki gema tupu lililosimama wima, udongo mweusi kama masizi, mizizi ikining'inia hewani. Kila kukicha kipande kilimeguka na kudondoka majini.

Huku chini Dobi hakuliona gema. Alichokiona ni maji. Mvua zilikatika, jua likawaka, barabara zikaanza kutimka vumbi, lakini pampu yake iliendelea kutema maji ya rangi ya kahawa. Alichuja kwa kitambaa, akayaacha yatuame, akachuja tena. Shuka za zahanati zikatoka zimekunywa tope. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, akaikunjua moja mbele yake.

"Mama, hii nilikuletea nyeupe."

"Si mimi, ni maji."

"Mgonjwa wangu haulizi ni maji au ni nani. Anauliza kama shuka ni safi."

Zahanati ikaacha kumletea shuka, na kwa nguo zilizobaki ikambidi Dobi asombe maji ya bomba, apange foleni na madumu kama wengine, huku kijito kikipita nyuma ya nyumba yake. Kila alipotua dumu alijiuliza swali moja. Mvua hakuna. Mafuriko yamekwisha. Sasa tope linatoka wapi, kama hakuna mtu anayelichokora?

Mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Tofali. Jina lake halisi lilishasahaulika. Alikuwa mfyatua matofali, pande la mtu, mchache wa maneno, mwenye kiwanja chake ng'ambo ya barabara, na mtu anayeishi kwa kuchimba udongo, alifikiri Dobi, atakuwa anachimba tu. Tena watu walisema siku hizi Tofali anaonekana mara kwa mara akipandisha njia ya kwa wifi, koleo begani. Dobi alisikia hilo akiwa foleni, akatia akiba.

Alipanda mwenyewe kwenda kuona. Hakumkuta Tofali. Alimkuta mwanamke kijana wa idara ya maji, amevaa buti za mpira zilizomfika magotini, ambaye mtaa ulikuwa umeshampa jina la Binti Buti. Vibarua wake walikuwa wanapigilia vigingi mstari kwa mstari pembeni mwa gema, na kila kigingi kichwa chake kilipakwa rangi nyekundu.

Dobi alisimama. Rangi ile aliijua. Miaka ile barabara kubwa ilipopanuliwa, walianza hivyo hivyo: vijana wapole, vigingi vyenye vichwa vyekundu, habari za asubuhi mama. Baadaye nyumba za watu zikawekwa alama, na baada ya hapo hazikuwepo.

"Habari za kazi," alisema.

"Nzuri, mama, shikamoo."

"Marahaba. Hivi ni vya nini?"

Binti Buti alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Ukingo huu unamomonyoka kila siku, alisema, na tope lote linakwenda bwawani. Bwawa linajaa, mitambo ya kusafisha maji inaziba. Ndiyo maana watalikata gema liwe mteremko, wapange mawe miguuni pake, watandike magunia ya katani juu ya udongo, na wapande nyasi zenye mizizi mirefu. Vigingi hivi vya pembeni wametangulia kuvijaribu. Ni matawi mabichi, vitachipua, mizizi yake itaushika udongo.

"Na rangi nyekundu?"

"Ni kuziba mahali tawi lilipokatwa, mama, lisipoteze maji likakauka."

"Ahaa," alisema Dobi, na hakuamini hata neno moja. Tangu lini mti ukafungwa bendeji?

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Macho yao yalikutana juu ya vigingi, kila mmoja akayaondoa ya kwake haraka. Dobi alishuka njia. Yule anajua kitu, aliwaza. Amenyamaza sana. Mtu anayepimiwa shamba la mumewe halafu hapigi hata kelele, basi kuna mahali ameshakubaliana na watu.

Hazikupita siku nyingi, vigingi viling'olewa. Safu nzima ya karibu na nyumba, tupu, mashimo yamebaki yanakodoa macho. Binti Buti alileta vingine, navyo vikang'olewa. Mtaa mzima ukawa hauna habari nyingine. Wengine walisema ni watoto, wengine mbuzi. Dobi alisikiliza, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mbuzi gani anayeng'oa kigingi bila kukiguguna?

Wiki hiyo hiyo Tofali akaleta ovaroli yake kufuliwa. Dobi aliigeuza nje ndani, akaiinua kwenye mwanga. Magotini na viwikoni ilikuwa imeganda udongo. Mweusi. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ovaroli mapajani. Udongo wa kiwanja cha Tofali ulikuwa mwekundu, ovaroli zake alikuwa amezifua miaka na miaka, zote nyekundu. Udongo mweusi namna ile ulikuwa mahali pamoja tu.

Aliipeleka barazani kwa mumewe kama anayempelekea mtoto aliyeokotwa.

"Unaona?"

"Naona ovaroli chafu."

"Udongo wa kona huu! Ndiye anayeng'oa vigingi, ili aendelee kuchimba. Na wifi yangu yumo. Wamekula njama, atamwachia shamba afyatulie matofali."

Mumewe alipuliza vumbi ndani ya redio iliyofunguliwa. "Mama watoto, mwulize kwanza."

"Mwizi anaulizwa?"

"Basi usimwulize. Ila usije ukasema sikukwambia."

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi yake. Binti Buti alisema kwa sauti ya uchovu kwamba viking'olewa tena, idara itapeleka mawe na magunia kwenye kijito kingine, maana vijito vilivyobomoka ni vingi. Kina mama wakanong'onezana. Hapo Dobi akasimama. Alikuwa amejiandaa. Alitoa mfuko wa nailoni, akatoa ovaroli, hajaifua, akaikunjua mbele ya kadamnasi.

"Mnauliza nani anang'oa vigingi. Nguo hii ni ya nani? Na udongo huu ni wa wapi?"

Tofali aliinuka taratibu kutoka nyuma, na alipomaliza kuinuka ilionekana kama ukuta umejengwa.

"Nguo ni yangu," alisema. "Udongo ni wa kona. Nilikwenda kumchimbia mjane choo, cha kwanza kilibebwa na maji. Sikumwomba kitu. Kama ni kosa, nishtakiwe." Alimgeukia Dobi. "Dada, mimi nguo nakuletea uzifue. Sikuletei uzichunguze."

Uwanja uliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kirefu, cha watu waliokuwa wamekisubiri kwa muda, kwa sababu hapakuwa na mtu pale ambaye mfuko wake haukuwahi kupekuliwa. Mwenyekiti alimwuliza wifi kama ni kweli. Wifi alisimama nusu, akasema, "Ni kweli, alinichimbia," akaketi.

Dobi aliketi pia, masikio yakimwaka moto. Lakini hata katika aibu ile, jicho lake halikulala. Lilimwona wifi yake akiusokota upindo wa kanga kidoleni, akiusokotoa, akiusokota tena. Na liliona kwamba muda wote ule hakumtazama Binti Buti hata mara moja.

Alijiambia aache. Amekwisha kufedheheka, yatosha. Kesho yake mchana alijikuta njiani kwenda juu, kipande cha sabuni mkononi, cha kisingizio.

Wifi hakuwepo mbele ya nyumba yake. Dobi alipiga hodi, akazunguka nyuma, mahali alipoinuliwa jiko la muda la mabati. Pembeni yake palikuwa na kichanja cha vyombo, na chini ya kichanja, maji ya kuoshea masufuria yalikuwa yametengeneza kidimbwi. Mle ndani ya kidimbwi kulikuwa na rundo la fito limefunikwa gunia. Dobi alilivuta gunia. Vichwa vyekundu vilimtazama.

Moyo ulimpasuka kwa furaha ya mtu aliyejua tangu zamani. Halafu akaona kitu kingine, akachuchumaa. Chini ya rangi nyekundu, kutoka kwenye gome la kila ufito, vilikuwa vimetokeza vijani, vidogo, kijani kibichi, vingine vimeshafunguka. Alinyanyua ufito mmoja. Upande uliolala kwenye maji ulikuwa umeota ndevu nyeupe.

"Umekuja kuzihesabu?"

Wifi yake alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji.

"Kumbe ni wewe," alisema Dobi.

"Ni mimi. Kawaite. Si ndicho unachokitafuta?"

"Wifi, kwa nini? Kona inaanguka. Kesho itakuwa zamu ya nyumba."

"Kwa nini?" Wifi alitua ndoo, maji yakaruka. "Ulisema mwenyewe, watu wamekaa msibani, shamba ni la baba yenu. Nikakaa kusubiri siku mtakayokuja. Mara anakuja mtu na vigingi vyekundu, anapigilia mpaka karibu na ukuta wangu. Na wewe ukaja siku ile ile kutazama, ukaulizauliza kama hujui. Nikasema, haya, ndiyo hii. Wifi ameleta wapimaji."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Wakati wote ule alipokuwa akimchungulia mwenzake aliyesimama mlangoni, mwenzake naye alikuwa akimchungulia yeye, na wote wawili waliona kitu kimoja: mwizi wa shamba.

"Mimi nilidhani ni wewe unauza," alisema polepole. "Unamuuzia Tofali."

"Niuze nikaishi wapi? Na watoto wa kaka yako nikawaweke kichwani?"

Walitazamana. Ili mradi afanye kitu, Dobi alimnyooshea wifi yake ule ufito.

"Tazama."

Wifi aliinama. Aligusa jani kwa ncha ya kidole. Hakuwa ameyaona, kila asubuhi alimwaga maji ya masufuria juu ya gunia bila kulifunua, kwa kuogopa mtu kumwona. "Umeota?" aliuliza.

"Umeota. Yule binti alisema kweli." Kusema hivyo kulimwuma Dobi kidogo. "Mimi vigingi vya serikali nimeviona vingi. Sijapata kuona kinachotoa majani."

Wifi alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akaketi juu ya ukingo wa ndoo na kujifuta uso kwa kanga. Dobi hakumkumbatia. Hawakuwa wamefika huko. Aliketi chini, kando yake, kwenye tope la maji ya masufuria.

"Neno nililosema msibani," alianza.

"Lilinikaa hapa." Wifi aligusa koo.

"Najua."

"Hujui, wifi. Ungejua ungekuja kulitoa."

Walishuka pamoja hadi ofisi ya mwenyekiti, Binti Buti akaitwa. Wifi alisema alichofanya, akaomba radhi. Binti Buti hakugomba. Aliuliza tu zile fito ziko wapi, na aliposikia zimeota, alitoa macho: za kwake alizozihifadhi ofisini zilikuwa zimekauka nusu. Lakini lilibaki jambo. Gema likikatwa mteremko, ukingo utarudi nyuma, utakula kipande cha shamba, pamoja na migomba iliyobaki. Idara ilihitaji idhini ya mwenye shamba. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwepo msibani, alikohoa.

"Sasa mwenye shamba... ni nani hasa?"

Dobi alihisi macho yote yakimgeukia. Katika moyo wake lilikuwepo bado lile jambo dogo gumu: nyayo za baba yake kwenye udongo ule, sauti yake akimwita kutoka ng'ambo. Kama kuna siku ya kulisema, alijua, ni leo, na baada ya leo halitasemeka tena.

"Mwenye shamba ni wifi yangu na watoto wake," alisema. "Mimi sina kitu pale. Andikeni hivyo, na mtu akija kusema vingine, hata akiwa mimi, mfukuzeni."

Kazi ilianza. Gema likakatwa, mawe yakapangwa miguuni pake, magunia ya katani yakatandikwa na kushonewa kwa kamba. Watu wa mtaa walikuja kusaidia, wengine kwa moyo, wengine kuona kama mawifi watapigana. Tofali alikuwepo, akibeba mawe ambayo wengine waliyaviringisha. Dobi alikuwa ameshamfuata kiwanjani kwake kumwomba radhi, naye hakuacha hata kusawazisha udongo kwenye kibao cha kufyatulia. "Kunitukana ulinitukana mbele za watu," alisema. "Radhi unaniletea uchochoroni."

Basi akafanya alichopaswa kufanya. Watu walipokaa kupumzika juu ya mawe, alisimama, mikono imejaa tope, akasema kwa sauti ile ile iliyofika jikoni siku ya msiba kwamba alimzulia mtu jambo, na mtu huyo hakulifanya, na aibu ni yake yeye. Hakuna aliyecheka. Tofali alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mawe. Ila ovaroli zake hakumletea tena. Dobi alizoea kuziona zikining'inia kwenye ua wa kiwanja, zimefuliwa vibaya, nyekundu mabegani, na kila alipopita alitazama mbele.

Mvua zilirudi. Dobi na mumewe walikesha na roho juu, na asubuhi alipanda mbio akiwa hata hajafunga kilemba. Upande wa juu, mawe yalipopungukia, kijito kilikuwa kimekula kipande na kubeba magunia mawili matatu. Binti Buti alikuwa ameshafika, anapima kwa macho, anasema watarudia hapo. Lakini sehemu nyingine yote ilikuwa imelala mahali pake. Vigingi, ambavyo sasa huwezi kuviita vigingi, vililala chini maji yalipopita, vikainuka tena vimejaa takataka.

Pampu ya Dobi ilitema tope siku chache, kama zamani kabla ya haya yote. Halafu maji yakaanza kupungua rangi, hadi akaiona tena saruji ya chini ya birika. Alijaza chupa ya kioo, akampelekea muuguzi mkuu, akaiweka mezani pake. Jioni yake shuka za zahanati zilirudi.

Sasa kila juma hupanda kwa wifi yake, na mumewe humwuliza anakwenda kufanya nini, naye hujibu anakwenda kusalimia. Juzi alipofika alisimama kwanza pale ukingoni, akainama, akapapasa nyasi.

"Nani amekata hapa?" aliuliza bila hata kubisha hodi. "Zimekatwa hizi. Kwa kisu."

Wifi yake alitokeza kichwa dirishani. "Mimi, wifi. Binti Buti kasema zikirefuka zipunguzwe."

"Kasema lini?"

"Wifi, chai inapoa."

Dobi alizitazama nyasi kidogo tena, akajifuta mikono, akaingia ndani.